Kioo, Herufi na Bei: Biashara ya Valvu za Zamani

Mjomba wangu alikuwa fundi redio Ngamiani, Tanga, na kibanda chake kilinukia lehemu na kadibodi kuukuu. Alipofariki aliacha jina jema, daftari moja la hesabu, na sanduku la mbao lililojaa valvu, kila moja imeviringishwa kwenye kipande cha gazeti. Sisi wapwa zake tulikuwa tukiziita taa, maana nyuma ya redio ziling'aa rangi ya kaa linalotaka kuzimika. Yeye alikuwa akitusahihisha: "Hizi ni valvu, mjomba. Taa inakupa mwanga tu. Hii inakupa sauti."

Miezi michache baada ya arobaini alikuja mtu anayezunguka mitaani kununua vitu vya kale. Hakuitazama redio wala saa ya ukutani. Aliomba afunue magazeti, akachagua valvu nne kubwa zenye mabega kama ya chupa ya soda, akalipa bila kuomba kupunguziwa, akaenda zake. Nyumba nzima tulifurahi. Miaka kadhaa baadaye, nilipoanza kuisoma biashara hii, nilikuta kwenye daftari la mjomba mstari mmoja: "KT66, nne, za amplifaya ya sinema." Tulikuwa tumeziuza zote nne kwa fedha ambayo Uingereza isingenunua hata moja iliyochoka.

Masanduku ya namna hiyo bado yapo: kwa wajane wa mafundi, kwenye stoo za misikiti na makanisa yaliyokuwa na vipaza sauti vya zamani, kwenye vyumba vya mitambo vilivyofungwa. Yanapotoka, mara nyingi huishia mikononi mwa ajuaye anayenunua kwa asiyejua, au kwenye mizani ya vyuma chakavu. Nimetazama minada ya valvu kwa muda mrefu, nimeuza na kununua, na hoja yangu ni hii: mnunuzi wa valvu hulipia ushahidi, na muuzaji asiye na ushahidi huuza kioo kitupu.

Tuanze na kitu chenyewe. Valvu ni chupa iliyonyonywa hewa. Ndani yake hita hupasha moto kathodi, kathodi hutoa elektroni, na elektroni hizo huruka kwenye utupu hadi kwenye bamba la chuma lenye umeme chanya, yaani anodi. Mwingereza John Ambrose Fleming aliitengeneza ya namna hiyo mwaka 1904. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest aliongeza kati yake waya wa tatu, gridi, na hapo umeme mdogo ukapata uwezo wa kuuongoza umeme mkubwa. Redio, rada, simu za masafa na sinema yenye sauti vilisimama juu ya uvumbuzi huo kwa karibu nusu karne. Desemba 1947 transista ilizaliwa katika maabara za Bell kule Marekani, na viwanda vya valvu vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine.

Havikufungwa vyote, kwa sababu makundi mawili yalikataa kuhama. Wapiga gitaa ndio wengi. Amplifaya nyingi za Marshall hutumia EL34, Vox AC30 hutumia EL84 nne, Fender 6V6 au 6L6. Valvu ikisukumwa kupita kiwango chake huharibu sauti kwa ulaini ambao sikio la mwanamuziki hulipenda, na huo "uharibifu" ndio sauti ya gitaa la umeme tunayoijua. Kundi la pili ni wasikilizaji wa santuri wanaotunza mitambo kama Quad II, inayotumia KT66, au McIntosh MC275, inayotumia KT88, pamoja na wale, wengi wao Japani, wanaoipenda 300B ya Western Electric, iliyotoka mwaka 1938 kwa ajili ya vikuza sauti na ikaendelea kutengenezwa hadi 1988.

Valvu mpya zipo. Kampuni ya JJ huzitengeneza Slovakia, kuna kiwanda Saratov nchini Urusi, na China nayo hutengeneza. Machi 2022, baada ya vita vya Ukraine kupamba moto, usafirishaji kutoka Urusi ulikwama kwa muda, na bei za valvu mpya na kuukuu zikaruka pamoja. Muuzaji akumbuke hilo: bei ya sanduku lake imefungwa na mambo yanayotokea mbali sana na Ngamiani.

Sasa jina. Wengi huliona kama namba ya bahati nasibu, kumbe jina la valvu ni sentensi. Katika mpango wa Philips na Mullard, herufi ya kwanza husema hita inataka umeme gani: D ni voliti 1.4, yaani redio ya betri; E ni voliti 6.3, G ni voliti 5, U ni hita za miliampia 100 zinazounganishwa mfululizo bila transfoma, P ni za miliampia 300, zilizotawala kwenye televisheni. Herufi zinazofuata hutaja kilichomo: A dayodi, C trayodi, F pentodi ya mawimbi madogo, H ya kuchanganya mawimbi, L ya kusukuma spika, M jicho la kijani la kutafutia stesheni, Z ya kunyoosha umeme. Tarakimu ya kwanza hutaja kitako: 3 ni oktali ya pini nane nene, 4 ni kitako cha kioo cha pini nane nyembamba, 8 ni pini tisa, 9 ni pini saba. Kwa hiyo ECC83 inasomeka hivi: voliti 6.3, trayodi mbili ndani ya chupa moja, pini tisa. GZ34 ni voliti 5, ya kunyoosha umeme, kitako cha oktali.

Wamarekani wana mpango wao. Tarakimu ya mwanzo ni voliti za hita kwa kukadiria, ya mwisho ni idadi ya vipande vya ndani. Hivyo 12AX7 ni ya voliti 12.6, na ndiyo ileile ECC83, kwa kuwa hita yake huweza kuunganishwa kwa 6.3 au 12.6; EL84 kwao ni 6BQ5; EL34 ni 6CA7; GZ34 ni 5AR4. Majeshi ya Uingereza nayo yalitumia namba zinazoanza na CV, na hapa ndipo hazina nyingi hupotea. Kisanduku cha kahawia kilichoandikwa CV4004 hakimwambii kitu mtu wa kawaida, ilhali ndani yake mna ECC83 ya kiwango cha kijeshi. CV1075 ni KT66. CV1988 ni 6SN7GT. Kabla hujatupa kisanduku kisicho na jina la kampuni, tafuta namba hiyo.

Jina likishasomeka, linatenga kwa haraka sana. Katika sanduku la mjomba zaidi ya nusu zilikuwa za familia ya D na U: DK96, DF96, DAF96, DL96, UCH81, UY85. Ni historia yetu imelala pale. Vijijini hapakuwa na umeme, kwa hiyo redio ilikula betri, na mfululizo wa 96 ulipendwa kwa sababu waya wake ulihitaji miliampia 25 tu. Ndiyo njia ileile iliyofuatwa na redio ya bei nafuu ya Ever Ready, iliyotolewa mwaka 1949 kwa wasikilizaji wa Rhodesia ya Kaskazini na kupewa jina la sufuria kwa sababu ya umbo la kasha lake. Mjini, kwenye umeme wa voliti 230, familia ya U iliokoa gharama ya transfoma. Kwa historia, valvu hizi ni za thamani kubwa. Kwa soko, ni za bei ya chini, maana viwanda vilizimwaga kwa mamilioni na leo wanaozihitaji ni wakarabati wachache wa redio.

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mrithi alijue: usitafute fedha ndani ya redio ya sebuleni. Tafuta palipokuwa na kazi ya kukuza sauti kwa watu wengi. Kumbi za sinema za pwani, Majestic ya Zanzibar, Avalon na Empire za Dar es Salaam na wenzao wa miji midogo, zilihitaji amplifaya za nguvu. Bendi za dansi zilihitaji, stesheni za utangazaji zilihitaji, meli na bandari zilihitaji. Huko ndiko ziliko KT66, EL34, GZ34, EF86 na ECC83. Valvu za televisheni, zenye P mwanzoni, nyingi huuzwa kwa bei isiyofika gharama ya posta, ingawa PCC88 ina wapenzi wake kwa kuwa ni ndugu wa ECC88 aliyetofautiana naye kwenye hita tu.

Jina la aina ni nusu ya safari. ECC83 mbili zilizolala pamoja zinaweza kupishana bei mara kumi, na kinachozitenganisha ni mtengenezaji. Hapa macho yanatakiwa kuwa magumu, kwa kuwa maandishi ya kwenye kioo hayathibitishi kiwanda. Makampuni yaliuziana valvu tangu zamani. Yule aliyeishiwa alinunua kwa jirani na kupiga muhuri wake, na watengenezaji wa amplifaya walipiga majina yao juu ya valvu za wengine. Valvu yenye jina la Mmarekani inaweza kuwa imezaliwa Uholanzi, na yenye jina la Mjerumani ikatoka Uingereza.

Hivyo tunasoma alama zilizo chini ya jina. Viwanda vya kundi la Philips, Mullard ikiwamo, vilichapa kwa rangi ya kijivu karibu na kitako mistari miwili mifupi ya herufi na tarakimu. Mstari wa juu ni aina na toleo: xf1 na xf2 ni matoleo ya EL34, f31 na f32 ni ya GZ34. Wa chini ni kiwanda, mwaka, mwezi na wiki. Ukiona B4C2, hiyo ni Blackburn, Uingereza. Mwaka unaoishia na 4. Mwezi wa tatu. Wiki ya pili. Pembetatu badala ya B ni Heerlen, Uholanzi, na D ni Hamburg, Ujerumani. Je, ni 1954 au 1964? Hapo mstari wa toleo ndio unaoamua, pamoja na umbo la vyuma vya ndani. Wamarekani walitumia namba za tarakimu tatu: 188 ni General Electric, 274 ni RCA, 312 ni Sylvania, 322 ni Tung-Sol, zikifuatwa na mwaka na wiki.

Telefunken ina alama yake ya pekee: almasi ndogo iliyofinyangwa ndani ya kioo chenyewe, chini, katikati ya pini. Haijapakwa, haifutiki, inahisika kwa ukucha. Nimeona wanunuzi wakiuliza swali moja tu kabla ya kutaja bei: "Almasi ipo?" Wana sababu. Kiwanda cha Ei kule Niš, Yugoslavia ya zamani, kilitengeneza ECC83 zenye mabamba laini yanayofanana sana na ya Telefunken, na nyingi zimepigwa jina la Telefunken. Ni valvu nzuri, lakini hazina almasi, na bei yake ni nyingine kabisa.

Kuna pia majina yaliyofufuka. Kampuni ya New Sensor ya Marekani inamiliki haki ya kutumia majina ya Mullard, Tung-Sol na Genalex Gold Lion kwa valvu zinazotengenezwa Saratov. Hakuna ulaghai ndani yake; visanduku ni vipya na kampuni haifichi. Ulaghai huja pale mtu wa tatu anapoitoa valvu hiyo kwenye kisanduku, akaichafua kidogo kwa vumbi, akaandika "Mullard ya zamani." Mihuri ya mpira inayotengeneza maandishi ya kale nayo ipo, na rangi ya kughushi mara nyingi hung'aa mno, haivunjiki vunjiki kama ya kweli. Ndiyo maana mimi husoma vyuma kwanza, maandishi baadaye: urefu wa bamba, rangi yake kama ni nyeusi au kijivu, mifereji iliyomo, umbo la pete inayobeba geta, ambayo nitaieleza mbele kidogo. Mtu anaweza kughushi jina kwa dakika moja. Kubadilisha vyuma vilivyofungwa ndani ya utupu hawezi.

Na hapa nitaje kosa langu, kwa kuwa lingali linaniuma. Valvu za kwanza nilizotoa sandukuni nilizifuta kwa pamba na spiriti ili zipendeze. Maandishi ya Mullard ya miaka ya hamsini yameshikilia kioo kama vumbi la chaki. Yaliondoka na pamba. Valvu tatu zilizokuwa na jina, nchi na tarehe zikabaki chupa safi zisizo na kwao. Usifute kioo, futa pini. Maandishi yaliyofifia yana tiba nyingine: inamisha valvu kwenye mwanga wa pembeni, au iweke kwenye friji dakika chache kisha ipumulie. Ukungu ukishika kioo, herufi huonekana kwa sekunde kadhaa, na simu yako iwe tayari kupiga picha.

Swali la hali ya valvu ndilo lenye ubishi mwingi. Macho husema kidogo tu. Kileleni au ubavuni mwa chupa pana doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Hiyo ni geta, bariamu iliyochomwa kiwandani ili inywe mabaki ya hewa. Ikiwa ya fedha au ya kahawia iliyokoza, ni nzuri. Ikigeuka nyeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu imekufa, haijalishi jina lake. Watu wa pwani huniuliza kuhusu unyevu. Chumvi ya bahari hula visanduku, hutia kutu pini, hulegeza gundi ya vitako vya bakelaiti, lakini utupu hauujui unyevu. Valvu iliyokaa miaka sitini Pangani inaweza kuwa na nguvu sawa na iliyokaa London.

Kwa mita ya kawaida ya fundi unaweza kujua kama hita haijakatika. Kwenye ECC83 pima pini ya 4 na ya 5. Kwenye EL34, 6V6 na KT66 pima ya 2 na ya 7. Kuwa mwangalifu na familia ya D: mita za sindano, kwenye kipimo cha chini cha ukinzani, zinaweza kupitisha umeme unaozidi uwezo wa waya wa miliampia 25.

Hita nzima haimaanishi valvu nzima. Kathodi huchoka kama udongo wa shamba, na uchovu huo unahitaji kipima valvu. Vipima vya bei ndogo hupima utoaji wa elektroni tu na kukupa rangi ya kijani au nyekundu. Vilivyo vya maana hupima uongozaji, yaani badiliko la voliti moja kwenye gridi linabadilisha miliampia ngapi kwenye anodi. AVO za Uingereza na Hickok za Marekani, zikiwamo TV-7 zilizoundwa kwa ajili ya jeshi, ndizo zinazoaminika na wanunuzi. Kitabu kinasema ECC83 kwenye voliti 250 ipitishe miliampia 1.2 na iongoze 1.6 kwa voliti. EL84 ipitishe 48 na iongoze 11.3. Muuzaji akiandika "imepimwa, nzuri," amesema neno lisilo na uzito. Akiandika "upande wa kwanza 1.2 na 1.6, upande wa pili 1.1 na 1.5, kwa AVO," amempa mnunuzi kitu cha kushika.

Mafundi wetu wa zamani walikuwa na AVO. Niliipata moja kwa mzee aliyekuwa rafiki wa mjomba, imefunikwa kanga juu ya kabati, ingali inafanya kazi. Nilimwamkia, nikamweleza shida, akaniambia nilete zote, hata zile nilizoziita mbovu. "Shikamoo bila valvu haisaidii," alisema, akavuta kiti. Tulipima kwa siku tatu. Alikuwa akiniambia kabla ya sindano kusimama kama valvu imechoka, kwa kuitazama tu inavyochelewa kupata joto. Ujuzi huo unaondoka na watu wake, na hakuna anayeuweka kwenye bei ya sanduku.

Tukija kwenye neno linalouzwa kuliko yote sokoni, yaani valvu ya zamani isiyotumika, ile ambayo wafanyabiashara huifupisha NOS, nasema wazi kwamba limechakazwa. Maana yake halisi ni kitu kilichotoka kiwandani zamani na hakijawahi kuingia kazini. Leo wengi huliandika juu ya valvu yoyote inayopima vizuri. Ushahidi wa kweli ni kisanduku cha asili, pini zisizo na mikwaruzo ya soketi, kioo kisichokuwa na kivuli cha moto, na vipimo vilivyo juu ya kiwango cha kitabu. Ukikosa kimojawapo, andika "iliyotumika, yenye nguvu." Hutapoteza sana, na mnunuzi atarudi.

Basi ni kiasi gani? ECC83 mpya ya JJ hupatikana kwa dola kumi na kitu hadi ishirini. Hiyo ndiyo sakafu: mtu anayetaka gitaa lake lilie tu ana mahali pa kwenda, na hatakulipa zaidi bila sababu. Mullard ya Blackburn yenye alama na vipimo hupanda juu ya hapo mara kadhaa. Telefunken yenye almasi hufika dola mia na kuzidi ikiwa kimya, yaani haina mnong'ono wala haivumi inapogongwa. EL34 za xf1 na xf2 hupanda zaidi zikiwa jozi, na nne zinazolingana hupanda kupita jozi mbili tofauti, kwa sababu amplifaya hutaka mkondo uwe sawa pande zote. Zile za daraja la juu, E88CC za pini za dhahabu, CCa zilizoundwa kwa ajili ya posta ya Ujerumani, PX25 za Uingereza, zina wakusanyaji wake. 300B za asili za Western Electric huuzwa kwa maelfu ya dola kwa jozi, lakini sijapata kuiona hata moja kwenye kibanda cha fundi wa huku.

Je, sauti inatofautiana kweli kiasi hicho? Nimesikiliza kwa uaminifu. Tofauti ya ukimya na ya kuvuma naisikia na inapimika. Kwenye hatua ya kwanza ya amplifaya, ambako kila mnong'ono hukuzwa mara mamia, ndiyo inayohalalisha fedha. Yale maelezo ya sauti yenye "asali" na "hewa" nayaachia wenye nayo. Muuzaji hana haja ya kuyaahidi. Aahidi kinachopimika.

Jinsi ya kuuza inategemea unachokuta baada ya kutenga. Zile za familia ya D, U na P uza kwa mafungu. Kuzipiga picha moja moja ni kupoteza mchana. Zile za sauti ziuze moja moja au jozi jozi, kwenye mnada wa mtandaoni kama eBay, na angalia bei zilizolipwa, maana bei zinazoombwa ni ndoto za watu. Mfanyabiashara wa valvu atakupa sehemu tu ya bei ya rejareja, na hilo ni halali: anapima, anatoa dhamana, anangoja. Kisicho halali ni kunyamaza kimya mbele ya mwenye mali asiyejua alichoshika. Picha ziwe nne kwa valvu: maandishi, alama za kitako, geta, pini. Usafirishaji usifanyiwe ubahili. Kila valvu kwenye kisanduku chake, pini zichomekwe kwenye sponji, visanduku ndani ya boksi kubwa lenye nafasi iliyojazwa pande zote.

Tahadhari moja kwa watakaofungua mitambo ya kale. Redio za familia ya U zinaweza kuwa na umeme wa ukutani kwenye chasisi, na kapasita za amplifaya hushikilia mamia ya voliti hata baada ya plagi kutolewa. Valvu za kunyoosha umeme za mitambo mikubwa, kama 866A, zina zebaki ndani. Ikipasuka, fungua madirisha na usiifagie kwa ufagio.

Mwaka jana nilipanda ngazi za chumba cha mitambo cha sinema moja iliyofungwa. Wanunuzi wa vyuma walikuwa wameshapita. Transfoma zilikatwa kwa ajili ya shaba, na valvu kubwa zilipondwa hapohapo sakafuni. Nilitambua kipande cha bega la kioo. Upande wa chasisi uliobaki kulikuwa na valvu mbili ndogo ndani ya makopo ya bati ya kukinga mawimbi, zisizoguswa. Nilivua kopo moja, nikawasha tochi ya simu. EF86, mistari miwili ya kijivu, B mwanzoni mwa wa chini. Mwenye jengo alikuwa amesimama mlangoni, akaniuliza kama hivyo vichupa vina maana yoyote. Nilimtajia bei yake kabla sijazigusa kuzitoa kwenye soketi.